Fomalini Maabarani: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Fomalini ni maji yaliyoyeyushiwa gesi ya fomaldehaidi, na karibu kila tatizo linalowapata wanaoitumia hutokana na jambo hilo moja: gesi hiyo haitulii ndani ya maji. Hutafuta njia ya kutoka, au hujishika yenyewe kwa yenyewe ikawa kitu kigumu cheupe, au hugeuka polepole kuwa asidi. Fomaldehaidi safi huchemka kwenye nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo katika joto la kawaida la chumba inakuwa tayari imeshapita kiwango cha kuchemka, na maji ndiyo yanayoizuia.

Fomalini nzito inayotengenezwa kwa ajili ya maabara huwa na takriban asilimia 37 ya fomaldehaidi kwa uzani, pamoja na methanoli ya asilimia 10 hadi 15 inayoongezwa ili kuizuia isigande. Ile inayoitwa fomalini ya asilimia 10, inayotumika kuhifadhia tishu, yaani vipande vya mwili, ni fomalini nzito iliyozimuliwa mara kumi, na fomaldehaidi iliyomo ni kama asilimia 3.7 hadi 4 tu. Majina haya mawili yanayofanana yamewapoteza wengi. Mtu aliyeelekezwa kuandaa fomalini ya asilimia 10, kisha akaandaa fomaldehaidi ya asilimia 10, atakuwa na mchanganyiko wenye nguvu kama mara mbili na nusu ya uliokusudiwa, na macho yake ndiyo yatakayomjulisha kosa hilo kabla ya daftari. Kwa sababu hiyo, dalili yoyote kati ya zitakazoelezwa hapa ikijitokeza ghafla baada ya kuandaliwa kwa chupa mpya, hesabu ya kuzimua ihakikiwe kwanza kabla ya kushuku kitu kingine.

Iwapo mtu ameumia, chanzo kitatafutwa baadaye

Fomalini ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimeshikiliwa wazi, na lenzi za jichoni zitolewe ikiwa zinatoka kwa urahisi bila kusimamisha uoshaji. Baada ya hapo mgonjwa apelekwe kwa daktari hata kama anasema maumivu yamepungua, kwa kuwa kupungua kwa maumivu si ushahidi kwamba kioo cha jicho kimesalimika. Ikimwagikia ngozi au nguo, nguo zilizolowa zivuliwe bila kusitasita na ngozi ioshwe kwa maji mengi kwa muda huohuo. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Apelekwe hospitali haraka pamoja na lebo ya chupa, ili daktari ajue kwamba pamoja na fomaldehaidi kuna methanoli, ambayo ni sumu yenye tiba yake mahususi.

Aliyevuta mvuke mzito atolewe kwenye hewa safi. Akiendelea kukohoa au kuhisi kifua kimebana, asiachwe aende nyumbani kulala peke yake, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya tukio, wakati kila mtu ameshaamini kwamba hatari imepita.

Harufu kali inasikika kila mlango unapofunguliwa asubuhi

Dalili hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na pia ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Madirisha hufunguliwa, harufu huisha kufikia saa nne, na kesho yake hali hujirudia, kwa sababu chanzo hakikuguswa. Mtuhumiwa wa kwanza huwa ni chupa kubwa ya fomalini nzito, ilhali chupa iliyofungwa sawasawa haitoi mvuke wa kujaza chumba. Kinachojaza chumba ni eneo pana lenye unyevu wa fomalini lililo wazi kwa hewa usiku kucha, na kwa maoni yangu eneo la kwanza kukaguliwa liwe pipa la taka. Glavu zilizovuliwa, karatasi zilizofutia matone na vitambaa vilivyolowa hutupwa humo jioni, pipa halina kifuniko, na kila karatasi hugeuka kuwa utambi unaovukiza fomaldehaidi hadi alfajiri.

Baada ya pipa, yafuatie makopo ya sampuli. Kifuniko kilichokazwa kwa pembe, ambacho uzi wake haukukamatana vizuri na shingo ya kopo, huonekana kimefungwa ilhali kina nafasi upande mmoja, na rafu yenye makopo mia moja ikiwa na vifuniko kumi vya namna hiyo inatosha kabisa kueleza harufu ya chumba kizima. Kisha likaguliwe sinki. Bomba lililo chini ya sinki huwa na kona inayoshika maji ili kuzuia harufu ya mfereji isirudi juu. Ikiwa fomalini imekuwa ikimwagwa humo, jambo ambalo halifai na katika sehemu nyingi haliruhusiwi kisheria, maji yale huwa yenyewe chanzo cha mvuke, na sinki lisilotumika mara kwa mara likikauka kona yake, mvuke ulio mferejini hupanda bila kizuizi. Mwisho yakaguliwe makoti ya maabara yaliyotundikwa nyuma ya mlango, maana tone lililokauka kwenye kikono cha koti halionekani kwa macho.

Njia ya uhakika ya kumpata mhusika ni kumtenga mshukiwa mmoja kila usiku. Usiku wa kwanza taka zote zifungwe ndani ya mfuko mzito, ziwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, na chombo hicho kilale ndani ya kabati la kufyonza mvuke likiwa linafanya kazi. Harufu ya asubuhi ikipungua, jibu limepatikana. Isipopungua, usiku wa pili yahamishwe makopo ya sampuli, na kuendelea hivyo. Watu hupenda kubadilisha mambo manne kwa pamoja ili kuokoa muda, harufu ikaisha, na hakuna ajuaye ni lipi kati ya yale manne lililoiondoa. Miezi miwili baadaye tatizo hurudi na uchunguzi huanza upya. Katika hatua zote hizi ni marufuku kuinamia mdomo wa chupa na kunusa.

Harufu ikizidi mchana badala ya asubuhi, fikra zielekee kwenye joto. Rafu iliyo karibu na dirisha linalopigwa na jua, au kabati lililopakana na tanuri la kukaushia vyombo, hupasha chupa moto kiasi cha kusukuma mvuke nje kila kifuniko kinapofunguliwa. Wapo wanaoweka feni karibu na sakafu wakiamini kwamba mvuke wa fomalini hutuama chini kama ule wa petroli. Uzito wa gesi ya fomaldehaidi unakaribiana sana na uzito wa hewa yenyewe, kwa hiyo huenea kimo chote cha chumba, na feni ya sakafuni huisambaza tu mpaka kwenye meza za wenzao.

Macho yanawasha, lakini wenyeji wa chumba hawasikii harufu

Pua huchoka. Mtu akikaa na harufu moja kwa muda, hisi ya kunusa huacha kuitangaza, na baada ya miaka ya kazi wengine hawaisikii kabisa fomalini inayomtoa machozi mgeni aliyeingia dakika hiyo. Kwa hiyo mgeni anapolalamika, au mwanafunzi wa siku ya kwanza anapotoka nje akipangusa macho, malalamiko hayo yachukuliwe kuwa kipimo na yasijibiwe kwa kumwambia kwamba atazoea. Kuzoea ndiko kunakoficha hatari.

Watu wengi huanza kuhisi mwasho wa macho na koo pale hewa inapokuwa na fomaldehaidi chini kidogo ya sehemu 1 kwa milioni, na ikifika sehemu 4 au 5 machozi hutiririka. Viwango vya kisheria viko chini zaidi ya hapo. Nchini Marekani mfanyakazi haruhusiwi kuvuta wastani unaozidi sehemu 0.75 kwa milioni kwa saa 8 za kazi, wala sehemu 2 kwa milioni katika kipindi chochote cha dakika 15, na Umoja wa Ulaya umeweka sehemu 0.3 kwa saa 8 na 0.6 kwa muda mfupi. Ukilinganisha tarakimu hizo, utaona kwamba mtu anayetokwa machozi ameshavuka mipaka yote, na kwamba asiyehisi chochote anaweza pia kuwa ameivuka. Ndiyo maana kipimo cha kuvaa kifuani, kinachokusanya fomaldehaidi kwa saa kadhaa na kisha kupelekwa kusomwa, kina thamani kuliko maoni ya watu kumi walio chumbani. Tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo tatizo la mwasho wa macho lisichukuliwe kamwe kuwa la usumbufu tu.

Macho yakiwasha ilhali kazi inafanyika ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kabati hilo ndilo la kuchunguzwa. Mara nyingi feni yake ni nzima, ila limegeuzwa stoo: chupa na maboksi yameziba nafasi ya nyuma inayopitisha hewa, na mvuke unarudi usoni kwa anayefanya kazi. Sababu nyingine ni kioo cha mbele kuinuliwa kupita alama yake, au kazi kufanyika ukingoni kabisa badala ya kuingia ndani walau sentimita 15. Kiyoyozi kinachopuliza kwa kukatiza mbele ya kabati, au mlango unaofunguliwa mara kwa mara kando yake, vinatosha kuvuta mvuke nje. Ukanda wa karatasi laini ukining'inizwa mdomoni mwa kabati utaonyesha kama hewa inaelekea ndani, lakini hautaonyesha kama inaelekea kwa kasi ya kutosha, ambayo kwa kawaida ni karibu nusu mita kwa sekunde na hupimwa kwa kifaa maalumu. Makabati yasiyo na bomba la kutoa hewa nje, yanayorudisha hewa chumbani baada ya kuichuja, yanahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu mkaa wa kawaida wa kuchujia huishika fomaldehaidi kwa udhaifu sana. Kichujio kiwe kile kilichotengenezwa mahususi kwa ajili yake, na kibadilishwe kwa tarehe, si kwa kungoja harufu.

Barakoa ya upasuaji haizuii gesi hii hata kidogo. Inazuia matone, basi. Ubaya wake katika kazi hii ni kwamba humpa aliyeivaa ujasiri wa kuinama karibu zaidi.

Weupe umetokea ndani ya chupa

Hapa pana vitu vitatu tofauti vinavyofanana kwa macho, na kila kimoja kina chanzo chake. Kuvitofautisha ni muhimu, kwa kuwa kimoja hakina madhara, cha pili kinaonyesha kosa la maandalizi, na cha tatu kinamaanisha kwamba chupa haifai tena kwa kazi inayohitaji vipimo.

Cha kwanza kuangaliwa ni aina ya chupa. Ikiwa ni fomalini nzito ya asilimia 37 na chini yake kuna mashapo meupe, laini, yanayofanana na unga uliolowa au mabonge ya pamba, hiyo ni parafomaldehaidi, yaani molekuli za fomaldehaidi zilizoshikana zikawa minyororo mirefu. Chanzo chake kikubwa ni baridi. Watu waliozoea kwamba kila kinachoharibika hutunzwa kwenye jokofu huiweka fomalini huko kwa nia njema, na huko ndiko inakogandia. Fomalini yenye methanoli hutunzwa vizuri katika joto la kati ya nyuzi 15 na 25, na isiyo na methanoli huhitaji joto zaidi ya hapo ili isigande. Chanzo cha pili ni umri, kwani hata katika joto lifaalo minyororo huendelea kujijenga, polepole.

Swali linalofuata siku zote ni kama chupa hiyo inaweza kupashwa moto ili mashapo yayeyuke. Sehemu yake huyeyuka kweli, lakini mimi nashauri isifanywe. Kupasha moto fomalini nzito ni kuutoa mvuke wake kwa makusudi, na mchanganyiko wenye methanoli ya asilimia 15 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 50 hivi, joto ambalo jiko la umeme la maabara hulipita kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye kiasi cha fomaldehaidi kilichobaki kwenye maji na kilichobaki kwenye mashapo, hivyo kila kitakachozimuliwa kutoka kwenye chupa hiyo kitakuwa cha kubahatisha. Chupa ipelekwe kwenye taka za kemikali, na mpya ihifadhiwe mahali panapofaa.

Ikiwa weupe uko kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyowekwa bafa ya fosfeti, yaani chumvi zinazozuia asidi isiongezeke, picha ni nyingine. Fuwele zinazong'aa, zenye pembe, zilizoonekana baada ya usiku wa baridi, kwa kawaida ni chumvi ya fosfeti iliyoshindwa kubaki kwenye maji baridi. Chupa ikiachwa irudi kwenye joto la chumba na kutikiswa taratibu ikiwa imefungwa, fuwele huyeyuka, na kama zimeyeyuka zote hakuna kilichoharibika. Ukungu mwembamba kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, uliojitokeza saa ileile ya kuandaa, huelekeza kwenye maji yaliyotumika: maji ya bomba yenye chokaa nyingi hutoa kalisi ambayo hushikana na fosfeti na kuganda. Tiba yake ni kuandaa upya kwa maji yaliyosafishwa. Kuchuja ukungu huo hakusaidii, kwani fosfeti iliyopotea ndiyo iliyokuwa kinga dhidi ya asidi.

Unga mkavu mweupe unaozunguka shingo ya chupa na uzi wa kifuniko ni parafomaldehaidi pia, iliyoachwa na matone yaliyokauka. Wengi huukwangua kwa kisu ukiwa mkavu na kuupeperusha, kumbe unga huo hutoa gesi ya fomaldehaidi na chembe zake zikivutwa huwasha koo. Ufutwe kwa karatasi iliyoloweshwa maji, ndani ya kabati la kufyonza, na shingo ipanguswe kila baada ya kumimina.

Tishu zina madoa meusi, au vyombo vinashika kutu

Dalili hizi mbili hazifanani, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni asidi. Fomaldehaidi ikikutana na hewa huoksidika kuwa asidi fomiki. Hata bila hewa, molekuli zake hubadilishana zenyewe, nyingine zikawa methanoli na nyingine asidi fomiki. Fomalini nzito kwa hiyo huwa na asidi tangu mwanzo, kwa kawaida pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ya kati ya 3 na 4, na iliyozimuliwa kwa maji matupu haiwi salama zaidi kwa upande huo.

Madoa ya kahawia iliyokolea hadi meusi, yaliyotapakaa kwenye vipande vya tishu zenye damu nyingi, hutokea asidi inapokutana na himoglobini, hasa pH ikishuka chini ya 6. Anayesoma slaidi anaweza kuyadhania kuwa vijidudu au chembe za rangi za ugonjwa, na hapo tatizo la chupa linakuwa tatizo la mgonjwa. Fomalini yenye bafa iandaliwe kwa mililita 100 za fomalini nzito, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji, na pH yake iwe kati ya 6.8 na 7.2. Kipimo cha pH kichukuliwe siku ya kuandaa na tena kila wiki chupa inapotumika. Karatasi ya litmasi haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa haiwezi kutenganisha pH 6 na pH 7.

Ipo desturi ya zamani ya kutumbukiza vipande vya marumaru au chokaa chini ya dumu ili kumaliza asidi. Hufanya kazi maadamu fomalini imelala juu ya chokaa hiyo. Ikishamiminwa kwenye kopo la sampuli imeachana na chokaa, na asidi huanza kujijenga upya, hivyo desturi hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya bafa.

Asidi hiyohiyo ndiyo inayokula chuma. Koleo zinazoachwa ndani ya fomalini usiku kucha hushika madoa, na dumu la chuma cha kawaida huoza kutokea ndani bila kuonyesha chochote nje mpaka siku linapovuja. Vyombo vya kuhifadhia viwe vya kioo au plastiki nzito ya polietilini.

Ngozi imekauka, imepasuka au imetoka vipele

Mwaka 1893 Ferdinand Blum, aliyekuwa akichunguza uwezo wa fomaldehaidi wa kuua vijidudu, aligundua kwamba ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, na kutokana na jambo hilo akafikia wazo la kuitumia kuhifadhi tishu. Kinachotendeka kwenye kipande cha tishu ndani ya kopo ndicho kinachotendeka kwenye kidole, na historia yenyewe ilianzia hapo.

Kwa mchunguzi, swali la kwanza ni wakati. Ngozi inayochoma au kuwa nyekundu muda mfupi baada ya kuguswa, mahali palepale palipoguswa, ni mwasho wa kawaida wa kemikali, na hupungua mguso ukikoma. Vipele vinavyojitokeza siku moja hadi tatu baadaye, vinavyowasha sana na kuenea hadi mahali ambapo fomalini haikufika, vinaashiria mzio, na mzio hautibiki kwa glavu nene zaidi pekee. Mwili ukishaizoea chuki hiyo, kiasi kidogo mno kinatosha kuiamsha, na mhusika anahitaji daktari wa ngozi na pengine kubadilishiwa kazi. Ikiwa vipele havipungui hata wakati wa likizo, isihitimishwe haraka kwamba maabara haihusiki. Fomaldehaidi imo pia katika baadhi ya vipodozi vinavyohifadhiwa kwa kemikali zinazoitoa kidogokidogo, na katika baadhi ya nguo zilizotiwa dawa ya kuzuia makunyanzi, kwa hiyo mtu aliyepata mzio kazini anaweza kuendelea kuwashwa nyumbani.

Kuhusu glavu, za mpira asilia huruhusu fomalini kupenya mapema na hazifai. Za nitrili zinafaa kwa matone, kwa sharti kwamba zile nyembamba za kutupwa zibadilishwe mara tu zinapolowa, na kazi ya kuzamisha mikono ihitaji glavu nene za mpira wa butili au nitrili. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni glavu iliyolowa kwa ndani. Tone likiingia kupitia kikono, glavu hulibana juu ya ngozi kwa saa nzima, na hali hiyo ni mbaya kuliko mkono mtupu ambao ungeoshwa mara moja.

Majirani wabaya rafuni

Baadhi ya matatizo hayana dalili mpaka siku ya ajali, kwa hiyo rafu ikaguliwe hata kama hakuna anayelalamika. Asidi haidrokloriki isikae karibu na fomalini, kwa kuwa mivuke yao ikikutana inaweza kutengeneza kemikali nyingine inayosababisha saratani, yenye nguvu kuliko fomaldehaidi yenyewe. Potasiamu pamanganeti, haidrojeni peroksaidi na vioksidishaji vingine huchangamana nayo kwa ghadhabu, hutoa joto na mvuke mwingi kwa mara moja. Amonia na fomalini nazo hushambuliana na kutoa joto, hivyo zitenganishwe. Chupa iwekwe chini ya usawa wa macho, ndani ya trei ya plastiki inayoweza kubeba ujazo wake wote ikivuja, na lebo yake ionyeshe tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kufunguliwa. Lebo iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mwepesi hufutika kwa matone ya fomalini yenyewe, na chupa isiyo na jina haina budi kuchukuliwa kuwa hatari kwa kiwango cha juu kabisa.

Imemwagika

Kiasi kilichomwagika ndicho kinachoamua. Mililita chache ndani ya kabati la kufyonza zinaweza kufutwa na aliyezimwaga, akiwa na miwani ya kinga inayoziba pembeni na glavu zinazofaa. Nusu lita ya fomalini nzito kwenye sakafu ya chumba kisicho na hewa ya kutosha ni sababu ya kila mtu kutoka, mlango kufungwa, moto wote kuzimwa ikiwa inawezekana bila kupita kwenye mvuke, na kurudi kuachiwa watu wenye barakoa za uso mzima zenye kichujio cha fomaldehaidi.

Kinachofyonza kianze pembezoni na kuelekea katikati, ili dimbwi lisipanuke. Mchanga mkavu au unga wa kufyonza kemikali unafaa. Baada ya kukusanywa, sakafu ioshwe kwa mmumunyo wa sodiamu metabaisalfaiti wa takriban asilimia 10, ambao hushikana na fomaldehaidi iliyobaki na kuizuia isivukize, kisha ioshwe kwa maji na sabuni. Metabaisalfaiti yenyewe hutoa gesi inayowabana kifua wenye pumu, kwa hiyo wao wasipewe kazi hiyo. Dawa ya klorini ya kusafishia sakafu isitumike kabisa, hata kama ndiyo iliyo karibu.

Siku moja baada ya usafi, chini ya makabati na kwenye maungio ya vigae pakaguliwe upya kwa tochi. Fomalini iliyotambaa hadi huko hukauka ikaacha unga mweupe usioonekana kwa aliyesimama, na unga huo ndio utakaorudisha harufu ya asubuhi wiki moja baadaye, wakati kila mtu atakuwa akiikagua chupa.